Kwa Nini Sijaiposti Ile Picha ya Staa na Mtoto wa Kambini

Tangu Alhamisi nimepokea meseji nyingi kuliko siku ile nilipoandika habari ya ndoa ya yule mtangazaji, na zote zinauliza kitu kimoja: mbona ile picha haipo hapa? Mnaijua. Staa wetu mmoja, sitamtaja na nyie mkimtaja nafuta, alikwenda kwenye kambi ya wakimbizi huku mkoani kwetu Kigoma, akapigwa picha amembeba mtoto, machozi yanamlenga, nyuma yake mahema. Blogu zote zimeiweka. Meneja wake alinitumia mwenyewe, picha safi kabisa, hata bango la barabarani unatengenezea, na maneno ya kuweka chini yake tayari yameandikwa. Kazi yangu ilikuwa kubandika tu.

Sikubandika. Kuna waliosema nina bifu na jamaa. Sina, nyimbo zake naziweka hapa kila zikitoka. Mwingine kasema nimehongwa na mpinzani wake. Jamani, siku nikihongwa mtajua, mtaniona na simu mpya.

Sababu ni ya zamani kidogo. Sijawahi kuiandika kwa sababu inanihusu mimi, na hainihusu vizuri.

Mwaka 2015, mwisho wa mwezi wa nne, chama tawala Burundi kilimpitisha Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu. Watu wakaingia barabarani Bujumbura, tarehe 13 Mei kukawa na jaribio la kumpindua, likashindwa. Hayo wengi mliyasikia redioni. Sisi wa Kigoma tuliyaona yana miguu. Watu walivuka kwa makumi ya maelfu wakajazana Kagunga. Kama hujafika Kagunga, ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, mbele ziwa, nyuma mlima umesimama kama ukuta, na wakati ule gari lilikuwa halifiki. Watu walilala mchangani, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa wanayooga. Kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 wakafa ndani ya wiki chache tu.

Wa kuwatoa pale alikuwa Liemba. Ndiyo, ile meli ya Wajerumani ya tangu Vita ya Kwanza ya Dunia, ambayo watu huwa wanaipiga picha kama kitu cha makumbusho. Ilikuwa inasimama mbali majini, watu wanapelekwa na boti za wavuvi, wanapanda kama 600 kwa safari, saa kadhaa mpaka Kigoma mjini. Wakifika wanawekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, ule ule tunaokwenda kuangalia mpira na matamasha, wanaandikishwa, wanapimwa, halafu mabasi yanawapeleka Nyarugusu kule Kasulu, kama kilometa 150.

Mimi wakati huo nilikuwa nakaa kwa mjomba pale Mwanga. Fomu foo nilimaliza, matokeo tuyaache. Nina simu ya tachi, nina ukurasa wa Facebook ambao nikiposti kitu naipata laiki ya binamu yangu na za watu kumi na tisa wengine. Nikasikia shirika moja linalohudumia watoto linatafuta vijana wa kujitolea pale uwanjani, nauli na chakula juu yao. Nikaenda. Cheti hawakukiuliza kabisa. Waliuliza kama najua Kiha.

Hapo niseme kitu ambacho watu wa Dar huwa hawakijui. Kiha na Kirundi ni ndugu. Muha wa Kasulu akikaa na Mrundi wanaelewana, labda maneno mawili matatu wacheke. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nachekwa shuleni kwa lafudhi, siku ile nikawa mtu muhimu. Anakuja mtu mwenye shahada mbili kutoka nje, anasimama mbele ya mtoto wa miaka minne, hawezi hata kumuuliza jina. Mimi nainama, nasema, "Witwa nde?" Mtoto ananitazama.

Kazi yenyewe nilivyoifikiria na ilivyokuwa ni vitu viwili tofauti. Nilidhani nitagawa nguo na biskuti, watoto wanishangilie. Kumbe kazi ilikuwa kusimama mlangoni watu wakishuka na kutafuta kwa macho mtoto ambaye hana mtu. Ni ngumu kuliko inavyosikika, maana mtoto aliyepotezana na wazazi hasimami peke yake akilia. Anajibanza kwenye familia ya watu. Anashika kanga ya mama yeyote aliye mbele. Unamuuliza yule mama, "Huyu ni wako?" anageuka ndiyo kwanza anamwona.

Ukimpata unakaa naye chini na fomu. Jina. Jina la utani nyumbani. Baba anaitwa nani. Hapo sasa ndipo nilipojifunza kwamba Warundi hawana jina la ukoo kama tulivyozoea. Kila mtoto anapewa lake. Kaka na dada wa tumbo moja wana majina mawili ambayo hayafanani hata herufi, na la baba ni lingine kabisa. Kwa hiyo kwenye orodha ya watu maelfu huwezi kusema ngoja nitafute jina linalofanana. Na mtoto mdogo mama yake anamjua kwa jina la Mama, basi.

Unauliza kilima. Kule kwao watu wanahesabiwa kwa vilima, ndiyo mtaa wao. Hajui kilima? Unauliza soko lilikuwa siku gani, kanisa au msikiti, mama anauza nini, mlango wenu rangi gani, nani anamcheka nani nyumbani. Unaandika vyote. Dada aliyekuwa anatusimamia, Mtanzania, mkali kama pilipili ya ziwani, alikuwa anasema andika hata unachokiona cha kijinga, hicho cha kijinga ndicho kitamrudisha kwao.

Na mwiko: usimuulize mtoto aliona nini. Akisema mwenyewe, sikiliza. Usimwahidi kwamba mama atapatikana. Na usimpige picha. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi tuliyosaini siku ya kwanza. Nilisaini kama tunavyosaini laini za simu.

Siku ya nne au ya tano akashuka binti mmoja, umri kama miaka saba, mgongoni kafunga mdogo wake kwa mbeleko ya kitenge, mkononi kikombe cha bati. Hakulia. Alikwenda akasimama chini ya jukwaa, kwenye kivuli, akawa anamyumbisha mtoto taratibu kama mama mtu mzima, anaangalia ule umati wote wa uwanjani bila kupepesa. Jua la saa kumi linampiga upande mmoja. Mnaopiga picha mnaelewa. Nilitoa simu nikapiga moja tu.

Jioni nikaingia Facebook. Nikaandika jina lake. Nikaandika kilima chao, karibu na Nyanza-Lac, kwa sababu niliona ukitaja mahali inaleta uzito. Nikaandika kwamba wazazi hawajulikani walipo na kwamba kesho wanapelekwa Nyarugusu. Nikamalizia na Mungu tusaidie.

Asubuhi laiki zilikuwa zaidi ya 400. Watu walisambaza. Kuna ukurasa mkubwa wa burudani uliichukua, na msanii mmoja (siyo huyu wa wiki hii) akaiweka kwake na mikono ya kuomba dua. Watu walinitumia maombi ya urafiki mpaka simu ikawa inaganda. Wiki hiyo hiyo ndipo nilipofungua blogu. Hii hii mnayosoma. Wasomaji wangu wa mwanzo kabisa walikuja kwa ajili ya mgongo wa yule mtoto, na huo ndio ukweli ambao nimeukalia muda wote huu.

Shirika likatuhamishia Nyarugusu, maana huko ndiko kazi ilikokuwa imehamia. Kambi ile ilikuwepo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilikuwa tayari ni mji. Warundi walipomiminika wakalala kwenye madarasa, makanisani, kwenye mahema makubwa ya pamoja. Sisi tukapewa hema moja na kiwanja cha watoto kucheza. Mipira, kamba za kuruka, rangi, ndoo za kunawia mikono. Asubuhi unahesabu mipira, jioni unahesabu mipira. Ikipungua mmoja, ripoti. Nani angeposti hiyo?

Ila kulikuwa na mchezo mmoja walioubuni wenyewe ambao sijausahau. Wanapanga foleni. Mmoja anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ana jani la mgomba kama daftari na kijiti kama kalamu. Anauliza jina, kilima, mko wangapi. Kila akimaliza anampiga mwenzake muhuri kwenye kiganja, anasema pita. Wanagombania kuwa karani. Hakuna aliyekuwa anataka kuwa mwanajeshi wala daktari, wote wanataka kuwa yule mwenye kalamu. Nilicheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili nikagundua yule karani anaigiza sauti yangu.

Yule binti na mdogo wake waliwekwa kwa familia ya kuwalea, mama mmoja Mrundi mwenye watoto wake watatu. Kila siku anakuja kiwanjani na mtoto mgongoni, hachezi, anaangalia. Ukimwambia tua mtoto tukushikie, anasema oya. Hapana.

Mama yao alipatikana wiki ya tatu, na picha yangu haikuhusika hata kidogo. Alikuwa ameachwa Kagunga akiugua kipindupindu, akapona, akaja na safari ya mwisho mwisho. Akaandikishwa upande mwingine wa kambi na mtu mwingine. Kilichowaunganisha ni hivyo vitu vya kijinga: mtoto alisema mama anauza mawese na mlango wao wa bluu kitasa chake kimefungwa na kamba ya viatu. Mama alisema hivyo hivyo kwenye fomu yake. Dada msimamizi alikaa na mafomu usiku kucha, taa ya simu mdomoni, akakutanisha kamba ya kiatu na kamba ya kiatu.

Hawakukutanishwa hivi hivi. Kila mmoja aliulizwa peke yake tena, kuhakikisha. Halafu mama akaletwa. Nilitegemea kelele, vilio. Yule mama alipiga magoti, akamfungua mtoto mgongoni mwa binti, akamkagua masikio, miguu, tumbo. Halafu akamgombeza binti kwa nini mdogo wake hana kofia na asubuhi kuna baridi. Binti ndipo akalia. Kwa mara ya kwanza tangu Kigoma, analia kama mtoto wa miaka saba.

Hapo mkono ulikuwa unaniwasha nitoe simu. Sikutoa, na siyo kwa sababu nilikuwa nimepata akili. Dada msimamizi alikuwa amesimama karibu yangu.

Kama mwezi umepita, yule mama akaja kiwanjani akamuulizia "yule kijana wa simu". Watu wa pembezoni mwa ziwa kule Burundi wengi Kiswahili wanakijua, tukaongea bila shida. Akaniuliza kama ni mimi niliyewaweka watoto wake kwenye simu. Nikasema ndiyo, na Mungu anisamehe, nilisema kwa kujidai kidogo, nikijua amekuja kushukuru.

Akakaa chini kwenye majani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Mume wake hakuvuka nao. Alibaki kwa sababu zake ambazo hakuniambia na mimi sikustahili kuambiwa. Kulikuwa na watu wanafika nyumbani kuuliza familia iko wapi, kwa nini imeondoka, imekimbia nini. Yeye akawa anawajibu kwamba mke na watoto wamekwenda Rutana kwa wakwe, kuna msiba. Walimwamini, au walijifanya. Siku moja wakarudi na simu. Wakamwonyesha watoto wake. Jina lipo, kilima kipo, Nyarugusu ipo.

"Usiku ule alitoka na shati," akasema. "Jirani ndiye aliyenipigia. Mpaka leo sijui yuko wapi."

Nikaanza kusema samahani, nikaanza kusema sikujua, nilikuwa nataka watu wasaidie. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, na hakuuliza kwa hasira, "Kaka, wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa naandika na kufuta.

Nilikwenda kwa Dada msimamizi nikamwambia kila kitu. Nilidhani atanipigia kelele. Alifunga macho muda mrefu, akaniambia uso, jina na mahali: kimoja peke yake ni hatari, vitatu pamoja ni ramani. Akaniambia nifute. Nikafuta pale pale mbele yake, lakini ilikuwa ni sawa na kufunga zizi ng'ombe wameshaondoka. Ule ukurasa mkubwa nikauandikia, haukunijibu. Msanii alifuta, lakini watu walishaihifadhi. Mimi nikatolewa kwa watoto. Miezi miwili nilikaa stoo nahesabu sabuni na ndoo, na nashukuru hawakunifukuza, maana walikuwa na haki.

Yule mama aliomba wahamishwe. Mwezi wa kumi kambi ya Nduta kule Kibondo ilipofunguliwa upya, walikuwa kwenye mabasi ya mwanzo. Nilikuwa napakia maboksi ya sabuni kwenye lori nikaliona basi linapita. Binti alikuwa dirishani, mgongo wake umeegemea kiti. Mgongoni hakuwa na mtoto. Hakuniona. Kuhusu baba sijapata habari yoyote, na sina njia ya kuuliza ambayo haitakuwa kosa la pili.

Mnaweza kusema, lakini picha zinasaidia, bila picha nani angechanga? Nakubali zinasaidia. Nimeona turubai na dawa zikifika na najua hazikushuka kutoka mawinguni. Ila nimewaona pia wapiga picha wanaojua kazi yao pale Nyarugusu. Anakaa na mzazi nusu saa kabla hajafungua kamera. Anaeleza picha itakwenda wapi na nani ataiona. Anamwambia ukikataa hupungukiwi chochote, chakula utapata kile kile. Mtoto anapigwa kwa nyuma, au mikono tu, na jina linabadilishwa. Na mzazi akikataa, anafunga begi anaondoka. Mimi nilitumia sekunde mbili.

Nayo haifi. Mwaka jana nimeikuta kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Binti yule yule, kikombe kile kile, maelezo yanasema ni mtoto wa Kongo aliyezikwa na wenzake akafufuka, tuma kwa watu kumi na uandike Amina. Aliyeituma ni shangazi yangu mzazi. Nikampigia nikamwomba afute. Akasema, "Mwanangu, si huruma tu?" Nikamwambia yule mtoto namjua. Hakuniamini, lakini alifuta ili nisimsumbue.

Basi, meneja wa staa aliponitumia ile picha Alhamisi nilimjibu kwa adabu. Nilimuuliza kitu kimoja: mama wa huyo mtoto anajua kwamba picha inakwenda kwenye blogu? Nilifikiri hatajibu, watu hao wana mambo mengi. Akajibu baada ya dakika mbili.

"Mama yupi? Sisi tulichagua tu aliyekuwa mbele."

Nimemwandikia tena kumweleza haya niliyowaeleza nyie, kwa kifupi. Amesoma, zile tiki mbili za bluu zinaonekana, hajasema kitu. Nikipata jibu nitawaambia. Anayeitaka picha anajua pa kuipata, mimi sina cha kumzuia, ila naomba asiiweke hapa chini kwenye maoni, nitaifuta hata kama ni saa nane usiku.

Jumatatu nitarudi na orodha ya nyimbo mpya za wiki.